Farasi wa Zawadi na Punda wa Karafuu

Katika kitabu hiki cha yubile wengine wamepewa kazi ya kueleza habari za maaskofu, na za majengo, na za shule. Sisi wa Wete tuliombwa tuandike habari moja ya kale, itakayowafaa waalimu darasani na watu wa nyumbani wakati wa jioni. Tukafikiri sana, kisha tukachagua habari za wanyama wa kupandwa na kupakiwa. Huenda msomaji akacheka, akauliza, Je, punda naye ana yubile? Na acheke, walakini asome hata mwisho.

Iko methali isemayo kwamba fadhila ya punda ni mateke. Kila mwalimu huifundisha, na kila mtoto huijua maana yake, kuwa yuko mtu ambaye ukimtendea mema hukulipa mabaya. Nasi tuliifundisha miaka mingi, wala hatukuuliza ni nani aliyetangulia kukosa shukrani, punda au mwenye punda. Hata siku moja, katika mavuno ya karafuu, mtoto wa shule alipigwa teke njiani kwenda bandarini. Tukamwinua mtoto, tukamlaani mnyama. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kizingitini pake akaondoka asiseme neno, akalegeza kamba, akainua sogi, akatuonyesha mgongo. Palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, na sogi lilikuwa likikaa juu yake tangu asubuhi. Tukaona haya. Tangu siku ile tukaanza kutafuta habari za wanyama hawa na za watu waliowatunza, tukaona kuwa ni habari ndefu, nayo yafika mbali na Wete.

Kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde, na mabondeni mna maji na mpunga. Waarabu wa kale walikiita Jaziratul-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani. Njia za zamani zilikuwa nyembamba, zikipita kati ya mikarafuu na minazi, na mzigo mzito uliweza kwenda kwa namna tatu tu: kwa kichwa cha mtu, kwa mtumbwi katika hori, au kwa mgongo wa punda. Farasi si mnyama wa nchi ya namna hii. Lakini tusidhani kwamba wazee wetu hawakujua mambo ya nchi nyingine. Ng'ambo ya maji mbele ya Wete iko Mtambwe Mkuu, na huko mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha zenye majina ya watawala wa pwani hii, na chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Mali ile ilikuwa imelala udongoni karibu miaka elfu. Basi aliyeizika alikuwa na habari za ulimwengu.

Sasa twende kwa farasi. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipouhamishia utawala wake Unguja, aliwaleta na farasi wake. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, na ambaye baadaye aliishi Ujerumani akiitwa Emily Ruete, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi watoto wa nyumba ile walivyofundishwa kupanda tangu wadogo, na jinsi punda weupe wa Maskati walivyopendwa. Farasi kwa Waarabu alikuwa zaidi ya mnyama wa safari, alikuwa heshima. Mtawala akitaka kumshukuru mtawala mwenziwe, hakuona zawadi kubwa kumpita farasi mzuri wa Arabuni.

Na Seyyid Said alikuwa na watu wa kuwashukuru. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifanya naye mapatano ya biashara, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa mji wa Salem, akaja kukaa Unguja. Merikebu za Salem zilileta nguo nyeupe ngumu isiyotiwa rangi, na watu wa pwani wakaiita merikani. Basi wengi walilijua jina la nchi ile kwa kulivaa, kabla ya kumwona mtu wake hata mmoja. Waalimu wa jografia na wakumbuke jambo hili: mara nyingi nchi ya mbali huingia kwanza nyumbani kama kitu cha sokoni.

Mwaka 1840 Seyyid Said alituma merikebu yake iitwayo Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, iende New York. Mkuu wa safari alikuwa Ahmad bin Na'aman. Humo chomboni mlikuwa na tende magunia 1,300, na kahawa ya Mokha, na mazulia, na pembe za ndovu 108, na sandarusi, na ngozi, na karafuu magunia 135. Tena palikuwa na zawadi za Rais Martin Van Buren: lulu, shali za Kashmir, mafuta ya waridi, upanga uliopambwa kwa dhahabu, na farasi wawili wa Kiarabu.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Kutoka Unguja mpaka New York, kwa kulizunguka Rasi ya Tumaini Jema, chombo kilikwenda karibu miezi mitatu. Farasi hawezi kulala chali kama baharia; husimama katika chumba chembamba, na chombo kikiyumba naye huyumba, na akianguka huenda akavunjika mguu. Hunywa maji mengi kila siku, na maji ya chomboni ni ya kupimwa. Majani yake makavu yakipata ukungu, tumbo humuuma, naye hufa upesi. Basi kila siku ya miezi ile palikuwa na mtu aliyeamka kabla ya alfajiri akachota maji, akageuza majani, akaondoa samadi, akamsugua mnyama miguu isivimbe, akamsemesha wakati wa dhoruba. Farasi wote wawili walifika wazima. Wazee husema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Ahmad bin Na'aman alichorwa picha na mchoraji wa New York, nayo picha ile yajulikana hata leo. Watunza farasi wale hakuna aliyewachora.

Sultana ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, nayo huhesabiwa kuwa merikebu ya kwanza ya Kiarabu kufika Marekani. Watu wakajaa gatini kuwatazama wageni wenye vilemba, hata ikawa taabu kupita. Wageni nao wakautazama mji. Merikebu ilikuwa imechakaa kwa safari, na serikali ya Marekani ikaamuru itengenezwe katika karakana ya manowari bila kulipwa hata senti moja. Kwa maoni yetu shukrani iliyo njema kuliko zote katika habari hii ni hiyo. Maseremala waliotia mbao mpya hawakutoa hotuba. Walitazama yaliyovunjika, wakayatengeneza, wageni wakapata kurudi kwao salama.

Lakini farasi walileta shida. Katiba ya Marekani, iliyotiwa sahihi mwaka 1787, yakataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi ya mfalme wa nchi nyingine pasipo ruhusa ya baraza lao kuu, Congress. Waliotunga sheria hiyo waliogopa kwamba zawadi huweza kuufunga moyo wa mtu, akawa mtumishi wa aliyempa. Jambo kama hili lilikuwa limekwisha kuwapata kule Tangier mwaka 1839: Sultani wa Moroko alimpelekea balozi mdogo wa Marekani simba dume na simba jike, balozi akasema sheria hainiruhusu, na waliowaleta wakasema basi tutawafungulia papa hapa njiani. Balozi akawapokea, akawaweka katika chumba cha nyumba yake. Haikuwako sheria iliyomwonyesha njia nyingine!

Basi Van Buren akayaweka mambo ya farasi mbele ya Congress. Wakabishana, ikaamuliwa zawadi ziuzwe, na fedha itiwe katika hazina ya nchi. Farasi wakauzwa mnadani. Lulu hazikuuzwa, ziliwekwa Washington.

Je, Seyyid Said alivunjiwa heshima? Kwa desturi yetu ya pwani, zawadi kuuzwa sokoni ni aibu kwa mpaji. Mtu akikuletea kuku nawe ukamuuza mbele ya macho yake, urafiki umekwisha. Lakini Wamarekani hawakumdharau. Walimshukuru kwa barua, wakampelekea zawadi za serikali yao, mashua nzuri pamoja na bunduki, na Sultana ikarudi Unguja mwezi wa Desemba 1840. Kwao ilikuwa kwamba rais si mwenye nchi, na kilicholetwa kwa ajili ya nchi si chake. Hapo twaona faida ya kujifunza habari za nchi nyingine. Tendo lile lile, huku ni ufidhuli, kule ni uaminifu, na asiyejua desturi ya mwenziwe hukasirika pasipo sababu.

Uingereza nayo ikapata zamu yake. Mwaka 1842 Seyyid Said alimtuma Ali bin Nasir kwenda London katika Sultana ile ile, na katika zawadi zake kwa Malkia Victoria walikuwamo farasi wanne. Malkia akarudisha shukrani kwa gari la kifalme la kukokotwa na farasi, pamoja na matandiko yake yote. Gari likashushwa Unguja, likafunguliwa, likasifiwa. Lakini Unguja wakati ule hapakuwa na barabara ya kulipitisha, vilikuwapo vichochoro vya mji na njia za shamba tu. Kila mmoja alimpa mwenziwe kilicho bora kwake, wala hakuuliza nyumba ya mwenziwe ina nini.

Mpaka hapa tumesema habari za wakubwa. Imetupasa kusema na habari ya magunia yale 135 ya karafuu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotugusa sisi. Mikarafuu ya visiwa hivi ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa waliotoka bara, na wengi wao walivushwa bahari wakiwa watoto. Na kule Marekani, pamba ya nguo za viwanda ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Basi katika biashara ile nguo ya jasho la mtumwa wa huko ilibadiliwa kwa mali ya jasho la mtumwa wa huku, na juu yake wakuu wakashukuriana kwa lulu na farasi. Hatusemi kwamba shukrani yao ilikuwa ya uongo. Twasema ilipita juu ya vichwa vya watu, kama ndege apitavyo juu ya shamba.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikapona kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu kuliko Unguja, na mzigo ukazidi juu ya migongo ya watu na ya punda. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1897 amri ilitoka ya kuwa hali ya utumwa haitambuliwi tena na sheria katika Unguja na Pemba, na amri ya mwaka 1909 ikamaliza yaliyobaki. Mmoja wa waliowekwa kusikiliza maombi ya uhuru hapa Pemba alikuwa Farler, aliyekuwa zamani Archdeacon wa Magila. Wapo wazee wa ukoo katika Wete ambao jambo la kwanza walilolifanya kwa hiari yao lilikuwa kulima mahali walipopachagua wenyewe. Wengine, wakipata fedha kidogo, walinunua punda.

Tumetaja jina la Seyyid Barghash. Naye pia ana farasi wake katika habari hii. Mwaka 1871 Stanley alipojitayarisha Unguja kwenda kumtafuta Livingstone, Barghash alimpa farasi wa Kiarabu wa rangi ya kijivu, na mfanyi biashara mmoja Mmarekani, Goodhue, akampa mwingine mwekundu aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Hawakufika mbali. Walipokuwa kijiji cha Kingaru, si siku nyingi kutoka Bagamoyo, farasi wa Barghash akafa. Stanley akaamuru azikwe, harufu isidhuru kambi. Mara akaja mkuu wa kijiji akadai nguo, kwa kuwa mnyama amezikwa katika ardhi yake pasipo ruhusa. Stanley akamwambia, Basi tutamfukua, tumwache juu ya ardhi kama alivyokufa. Mkuu akaona hilo ni baya zaidi, wakapatana. Haukupita usiku mwingi, na yule wa pili akafa.

Katika bara la Afrika farasi ana adui wengi. Yako magonjwa ya mbung'o. Tena uko ugonjwa wa farasi uletwao na virusi ambavyo huchukuliwa na visubi wa usiku. Katika nchi ya Rasi mwaka 1854 na 1855 uliua farasi karibu 70,000. Livingstone naye mwaka 1866 alikwenda bara kupitia Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kujua ni mnyama gani atakayestahimili mbung'o. Hakupata jibu la hakika. Na sababu aliieleza mwenyewe kwa uchungu: waliopewa kuwatunza wanyama wale waliwapiga na kuwatesa, hata haikujulikana tena lipi ni la mbung'o na lipi ni la fimbo. Kwetu sisi waalimu hayo ni maneno makubwa. Elimu iliyotafutwa kwa gharama na safari ndefu ilipotea kwa kuwa mtunza mnyama hakumhurumia mnyama.

Na hapa ndipo tulipojua kuwa tunalo deni la shukrani tusilolijua. Unguja ilikuwa na mbung'o wake, walioambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Ili kuwaondoa, mbung'o madume waliotiwa utasa walilelewa Tanga, wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kati ya mwaka 1994 na 1997, hata mbung'o wakatoweka kabisa. Pemba haikuhitaji kazi hiyo. Pemba haina mbung'o. Ng'ombe wetu wakokotao magari, na wale wa mchezo wa ng'ombe, na punda wetu, wamekaa miaka yote hiyo bila adui yule, nasi hatukupata kusema asante hata siku moja, kwa sababu kitu kisichokuwapo hakionekani. Mpaka usome habari za Kingaru na za Tanga ndipo ujue Wete ulipewa nini.

Iko habari moja nyingine tunayotaka waalimu waitafute. Mwaka 1896 mtu wa pwani hii, Selim bin Abakari, alisafiri na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, akaiandika safari yake kwa Kiswahili. Ikapigwa chapa mwaka 1901 katika kitabu Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Velten. Katika nyanda za Asia ya Kati, Wakirgizi na jamaa zao huishi kwa farasi kama sisi tuishivyo kwa mnazi. Humpanda, humkamua, na maziwa yake huyachachusha wakayanywa. Ukimwambia mtu wa huko kwamba farasi ni zawadi ya wafalme, atakushangaa. Kwake ni chakula cha asubuhi. Na ukimwambia kwamba mti mmoja hutupa sisi mafuta, na kamba, na paa la nyumba, na mbuzi ya kukunia ikawa na kazi, hatakusadiki.

Siku hizi malori hushusha karafuu bandarini, nazo barabara za lami zimefika mahali ambapo zamani mtu alitembea na mkoba kichwani tangu alfajiri hata adhuhuri. Hata hivyo punda hawajaisha, wala magari ya ng'ombe. Hubeba mchanga na mawe ya kujengea, na kuni, na magunia kutoka mabonde ambayo gari haliyafikii. Nasi shuleni tungali tukiifundisha methali ile ya mateke, ila sasa twaifundisha kwa maswali. Mtoto huulizwa, Punda huyu alikunywa maji saa ngapi? Sogi lake lilikaushwa jana? Nani alimtazama mgongo?

Yule mzee wa kizingitini amekwisha kufariki. Tulizoea kumwona jioni. Alikuwa akishusha mzigo, akaondoa sogi na kulianika juu ya ua, akauosha mgongo wa mnyama kwa maji ya chumvi, kisha akamwekea ndoo. Alisimama karibu mpaka punda amekwisha kunywa. Halafu naye akaenda mtungini, akachota maji yake.